Banio Lisilovunjika

Katika vyote vilivyosimamishwa kwa mikono ya wanadamu kwenye kitongoji kile cha Rhotia, pale mashamba yanapokoma na msitu wa Ngorongoro kuanza, hapakuwa na kitu kilichosifiwa mwaka ule kama banio la Melkizedek. Lilikuwa ukuta wa mawe na saruji uliokikatiza kijito kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ukiyazuia maji yaliyoshuka msituni na kuyageuza yaingie katika mfereji wa kunyweshea mahindi. Penye mdomo wa mfereji paliwekwa lango la chuma la kushusha na kupandisha. Saruji ilipokuwa ingali mbichi, mwenyewe aliokota msumari akaandika jina lake, na chini ya jina akaandika 1997. Kisha akarudi nyuma, akaitazama kazi yake, na moyo wake ukatulia kama moyo wa mtu aliyefika kwao.

Na kwao hapakuwa pale. Melkizedek alizaliwa Kibosho, mtoto wa kati katika nyumba ya wana watatu. Na kwa desturi ya Wachaga wa zamani kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, huwa cha kifungua mimba na kitinda mimba, ama wa kati huombewa heri na kuonyeshwa njia. Njia ilimfikisha Karatu akiuza sabuni na mitumba mnadani, mkewe Verediana nyuma yake, na binti yao Evelyn mgongoni mwa mamaye. Huko ndiko alikokutana na Mzee Amnaay, Mwiraqw mwenye ng'ombe wa wastani na maneno machache, ambaye baada ya kumtazama kwa misimu miwili akiuza na kufunga mizigo, alimchukua hadi Rhotia na kumwonyesha kipande cha ardhi chini ya shamba lake mwenyewe.

Hakumwuzia, wala hakumkodisha. Alimwambia tu alime, na kwamba majirani wakiendelea kumpenda, pale ni pake. Maneno hayo yalikuwa ukarimu, na ndani ya ukarimu huo mlikuwa na mwiba mdogo ambao Melkizedek aliulalia miaka yote: kwamba siku majirani watakapoacha kumpenda, pale si pake. Mtu aliyekwisha kunyimwa ardhi na baba yake mzazi hasahau neno kama hilo. Kila alichokifanya Rhotia, kuanzia kuchangia misiba hadi kujifunza salamu za Kiiraqw kwa ulimi uliozigonga kama mawe, alikifanya ili mwiba huo ung'oke.

Basi mvua za vuli zikakosekana, na masika yaliyofuata yakaja kama mgeni asiyetaka kuketi. Ng'ombe wakakonda. Melkizedek akakumbuka mifereji ya kwao, ile inayoitwa mfongo, ambayo huyachukua maji mtoni juu kabisa na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi kwenye migomba ya watu. Akawaeleza majirani. Wakacheka, wakaelewa, wakachukua majembe. Mfereji ukachimbwa kwa jasho la watu wote, ukapita ubavuni mwa kilima, juu kidogo ya nyumba ya Mzee Amnaay, ukazunguka kona, ukashuka mashambani, la Melkizedek likiwa la mwisho.

Lililobaki likawa banio. Utotoni mwake, kila mwaka, alikuwa akiwafuata wanaume wa ukoo kwenda mtoni kujenga banio la kwao. Walilijenga kwa mawe yasiyoungwa, mashina ya migomba na mabonge ya udongo wenye nyasi, na asiyefika alitozwa mbuzi. Na kila mwaka, masika yakikolea, mto ulilizoa lote kama mtu anavyofuta makombo mezani, na wanaume walirudi kulijenga upya. Siku moja alimwuliza baba yake kwa nini wasijenge moja la kudumu, wakapumzika. Baba yake hakuwa mtu wa kufafanua. Alimjibu kwamba mto nao una haki yake, akampa jiwe abebe. Mtoto alilibeba jiwe lile akiamini kuwa wazee wa kwao ni wavivu wa kufikiri.

Rhotia hapakuwa na migomba ya kutosha, lakini palikuwa na saruji. Shirika moja lililokuja kwa ajili ya ukame lilikuwa limeleta mifuko mingi kuliko matangi yaliyohitajika, na Melkizedek alijua kuomba. Verediana, ambaye baba yake naye alikuwa mtu wa mfongo, aliiona mifuko ile ikipanda mlimani juu ya punda, akasema neno moja akiwa anapepeta maharage.

"Baba Evelyn, wazee wetu hawakuwa wajinga."

"Hawakuwa na saruji," mumewe alijibu.

Mzee Amnaay alipanda kuja kutazama ukuta ukikauka. Alitembea juu yake kwa fimbo yake, akaugonga hapa na pale, akauliza maji yakija mengi yatapita wapi. Melkizedek alicheka kwa heshima, akamwuliza tangu lini Rhotia ikalia kwa wingi wa maji. Mmoja wa vijana akadakia kuwa Mchaga huyu, maji yakizidi, atayafunga kwenye chupa akayauze mnadani. Watu wakaangua kicheko, na mzee naye akacheka. Swali lake lilizama katika kicheko hicho, na hakuna aliyelizamia kulitoa.

Mahindi yaliyokuwa yanajikunja yakanyooka. Kitongoji kilichozoea kwenda Endabash kuomba debe la nafaka kikawa ndicho kinachoombwa. Melkizedek akachaguliwa mkuu wa mfereji. Na siku ya kuvuna, mbele ya wazee wote, Mzee Amnaay alimshika mkono, mkono wa mtu aliyekuwa akiuza sabuni, akasema, "Huyu ni mwanangu. Yule aliyezaliwa Kibosho alikuwa mwingine."

Bibi Naomi, mke wa Mzee Amnaay, mwanamke ambaye miguu yake ilikuwa imemchosha kabla ya umri kumchosha, alimletea kibuyu cha maziwa kwa mikono yake mwenyewe. Melkizedek alikunywa, na usiku ule alimwambia mkewe kuwa mwiba umeng'oka.

Lakini wanadamu hupanga na Mola hupanga, na mipango haifanani. Mwisho wa mwaka ule ule mbingu zilizokuwa bahili zikafungua mikono. Redioni waliiita El Nino, jina ambalo wazee walilitamka kana kwamba ni la mtoto mtundu. Mvua zilinyesha Novemba, zikanyesha Desemba, barabara ya Mto wa Mbu ikakatika, mbuga ya Olbalbal kule nyuma ya kreta, ambako Wamasai hutembea siku nzima kutafuta dimbwi, ikageuka ziwa. Kila mawingu yalipojikusanya, Melkizedek alipanda mbio kwenda kushusha lango la chuma, na mto ukapita juu ya ukuta ukinguruma bila kumdhuru mtu. Watu wakasema, tazameni, hata maji yamemtii.

Siku ya mnada anga la Rhotia lilikuwa jeupe, safi, kama nguo iliyotoka kufuliwa. Melkizedek alikuwa na gunia la vitunguu na viroba vya maharage vya kuuza. Akaacha lango limefunguliwa kiasi, kwa kuwa bustani za chini zilikuwa zimepandwa mboga na jua lilikuwa kali, akaenda zake Karatu.

Mvua haikunyesha Rhotia siku ile. Ilinyesha juu, msituni, mahali ambapo hapaonekani.

Alikuwa akirudi alasiri, mfuko mtupu begani, alipomwona Loserian akishuka mbio kutoka upande wa msitu. Loserian alikuwa Mmasai wa Olbalbal aliyechungia ng'ombe zake ukingoni mwa msitu na ambaye hakuwahi kukimbia mbele ya mtu tangu ajulikane. Hakusalimu. Alisema mto umekuja na miti.

Melkizedek alitupa mfuko. Alipofika juu, alikuta gogo zima la msituni, na mizizi yake, limejipenyeza chini ya lango na kulikaba. Lango halikushuka. Kijito hakikuwapo tena. Palikuwa na mnyama wa rangi ya kahawia, mpana, aliyekuja kwa kasi, akaufikia ukuta wa saruji, akaupiga kifua, na alipoona hautikisiki akageuka, mzima mzima, na kuingia mferejini.

Vijana watatu walikwisha fika na mtaimbo na nyundo ya kuvunjia mawe. Melkizedek akaunyakua mtaimbo, akapanda juu ya ukuta wake, maji yakimfika magotini, akaanza kuupiga. Alipiga pale alipoandika jina lake. Alipiga katikati. Kila pigo lilirudi mikononi mwake na kupanda hadi mabegani. Alikuwa amechanganya saruji ile bila ubahili, kwa kipimo cha mtu anayejenga mara moja katika maisha, na ikamlipa kwa uaminifu. Wale vijana walimsikia akiusemesha ukuta, akiubembeleza uvunjike, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya mama yake. Banio la baba yake, lile la migomba na majani, lingekwisha ondoka kabla mtu hajamaliza kupiga mluzi; mto ungechukua haki yake, ukarudi katika njia yake, ukashuka korongoni bila kugusa nyumba ya mtu. Hilo alilielewa akiwa juu ya ukuta, nyundo na mtaimbo vikilia. Elimu nyingine humfikia mtu ikiwa imekwisha chukua malipo yake.

Hawakusikia kishindo. Walisikia sauti kama ya gunia kubwa linaloburutwa sakafuni. Ukingo wa mfereji ulikuwa umeachia pale penye kona, juu ya nyumba ya Mzee Amnaay.

Nyumba ile ilikuwa ya tembe ya kale, nusu yake imechimbiwa ndani ya mlima, paa lake la udongo likiwa sawa na nyasi. Mababu wa Wairaqw walijenga hivyo ili Wamasai wakija kuiba ng'ombe wasione makazi. Mzee Amnaay aliikataa nyumba ya bati kwa miaka mingi, na alipotaniana na Loserian alimwambia kwamba bado anajificha. Nyumba iliyofichika machoni pa Wamasai haikufichika machoni pa maji. Mzee alikuwa malishoni. Bernadina, mke wa mwanawe, alikuwa kisimani. Bibi Naomi alikuwa ndani, na miguu yake.

Walimpata kabla ya magharibi, chini, kwenye tope. Mahali pa shamba la Mzee Amnaay palikuwa na korongo jipya ambalo mtu mzima angesimama ndani na asionekane. Maji yalikuwa yametawanyika na kuishiwa nguvu hatua chache tu kabla ya shamba la mwisho. Mahindi ya Melkizedek yalikuwa yamesimama, mabichi, hata jani moja halikulala.

Hilo ndilo watu walilolitazama. Hakuna aliyelitamka mazishini, lakini kila aliyetoka kaburini aliyapitisha macho yake juu ya mahindi yale.

Baada ya msiba wazee walikaa kikao. Walisema mengi ambayo hayana haja ya kurudiwa: kwamba mgeni alipewa ardhi akaleta mto, kwamba aachwe avune, kisha afunge mizigo kama alivyozoea. Melkizedek aliketi pembeni, kichwa chini, asijitetee, kwa kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Verediana alikuwa amekwisha kunja nguo za Evelyn.

Mzee Amnaay alifika mwisho, akasimama bila kuketi. Alisema Melkizedek atabaki. Wazee wakadhani amesamehe, na mmoja akaanza kumsifu kwa moyo wake. Mzee akamkatiza.

"Akiondoka, nani atauvunja ule ukuta? Atabaki auvunje. Kisha atajenga wa majani, kama ule wa baba yake aliotusimulia akicheka. Mto utauvunja, naye atajenga. Utavunja, atajenga. Nataka nimwone akijenga."

Hakumtazama alipokuwa akisema. Hakumwita mwanangu. Tangu siku ile hakumwita kwa jina lolote.

Kiangazi kilichofuata Melkizedek aliuvunja ukuta. Aliwasha moto juu ya saruji na kuimwagia maji baridi ipasuke, akapiga, akawasha tena. Watu walipita na mbuzi wao wakimwona. Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia alikuwa ametoboa katikati njia ya kutosha mto. Kingo mbili zikabaki, na ule wa kulia ulikuwa na jina lake na mwaka. Katika pengo lile akapanga mawe, matawi na mabonge yenye nyasi.

Wenzake walianza kuja polepole, si kwa kumpenda bali kwa kupenda maji. Akawafundisha sheria ya kwao, asiyefika atozwe, nao wakaifanya kali zaidi. Bernadina na wanawake wengine walipanda matete kwa mistari kukata mteremko, na ndani ya korongo wakapanga vizuizi vya mawe na magogo ambavyo kila mwaka vilikamata udongo kidogo, hata nyasi zikaota pale palipokuwa jeraha. Nyumba zilizokuwa chini ya mfereji zikahamishwa juu. Mzee Amnaay akakubali bati. Loserian akapewa pembe aipulize kutoka ukingoni mwa msitu akiona mawingu ya juu, na kwa kazi hiyo ng'ombe zake wakaruhusiwa kula mabua baada ya mavuno. Kila mvua kubwa ilipokuja banio liliondoka, mto ukapita njiani mwake, na baada yake watu wakapanda kujenga. Kitongoji kilikuwa kimejifunza kuishi na maji. Kimejifunza kwa gharama ya mtu mmoja, na aliyekifundisha aliketi mwisho wa benchi, akisalimiwa kwa heshima na kuachiwa nafasi pembeni.

Miaka ikapita namna hiyo, hadi ukaja ule ukame wa mwaka elfu mbili na sita. Wakubwa wanaukumbuka. Wamasai walishuka kutoka Ngorongoro na ng'ombe walioonekana mbavu kama vikapu, na waliobaki nyuma walihesabu mizoga. Kijito kikawa kama uzi. Banio la majani huvuja, hiyo ndiyo tabia yake, na maji yaliyovuja yalikuwa machache lakini kila mtu aliyaona yakienda bure.

Ndipo wakaja watu wa mradi, na gari jeupe, wakitafuta mahali pa kujenga mabanio imara ya kuwasaidia wakulima kukabili mabadiliko ya tabianchi. Mwenyekiti wa kitongoji wakati huo alikuwa Gideon, kijana msomi kidogo, mchangamfu, aliyekuwa mtoto wakati wa El Nino. Aliwapandisha hadi kwenye zile kingo mbili za saruji. Kiongozi wao, mhandisi aliyeitwa Brian, alilipapasa jina na mwaka kwa kiganja, akashangaa. Akasema ukuta uliohimili mafuriko yale ni ushahidi kwamba mahali hapa panafaa. Gideon akamwambia kuwa mto uliuvunja katikati tu kwa sababu saruji ilikuwa haba, na kwamba ikiongezwa hautavunjika kamwe. Wakaupiga picha.

Jioni yake Gideon alikwenda kwa Melkizedek. Alizungumza naye kwa adabu, akamwita mzee wangu, akamweleza kuwa mradi utaleta saruji, mabomba, ajira ya vijana. Kesho watamwuliza, kwa kuwa jina ni lake. Haombwi kusema uongo. Anaombwa kunyamaza tu.

"Watu wamesahau, mzee wangu," Gideon alisema akiwa mlangoni. "Ukinyamaza, nawe utasahauliwa. Utakuwa mtu wa hapa."

Melkizedek hakulala vizuri. Kile alichokitafuta tangu baba yake alipomwonyesha njia kilikuwa kimeletwa hadi mlangoni pake, na bei yake ilikuwa kufunga mdomo. Asubuhi Verediana alimpa uji, na yeye hakuomba shauri.

Watu wote walikuwapo mtoni, hata Mzee Amnaay, ambaye sasa alishikwa mkono na Bernadina. Brian alimsalimu Melkizedek shikamoo, akamwuliza kama ni kweli ukuta huu ulivunjwa na mto.

Gideon alitazama miti. Vijana walitazama viatu vyao.

"Mto haukuuvunja," Melkizedek alisema. "Ungeuvunja, Bibi Naomi asingelala pale." Akaonyesha kwa kidole upande wa kaburi.

Kisha akaeleza, kwa ufupi, bila kujitia wala kujitoa. Brian hakuwa mpumbavu wala mtu mbaya. Alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia. Alisema ukuta wa namna hiyo ulikosa njia pana ya kumwaga maji ya ziada, na kwamba banio la saruji lenye njia hiyo linaweza kuwa salama. Ila kulipima vizuri kunataka mwaka mzima na fedha ambazo fungu la mwaka huu halina. Akaomba radhi. Wiki iliyofuata saruji ilipita Karatu na kwenda Endabash, na Rhotia wakabaki na majani yao.

Kwa hiyo huenda Melkizedek alikosa mara ya pili. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Mara ya kwanza alikosa kwa kuamini mno, na mara hii pengine kwa kuogopa mno, na hapakuwa na mtu wa kumpa fatwa. Majirani walikuwa nayo yao. Mahindi yalikauka kuanzia chini kwenda juu, shamba lake likiwa la kwanza, lakini safari hii hakuna aliyelihesabu. Watoto wakaacha kumwamkia. Gideon alimpita njiani na kusema, kwa sauti ya kutosha, kwamba mgeni hata akizeeka ni mgeni. Na Verediana alipokwenda kisimani, Bernadina, ambaye walipanda naye matete bega kwa bega miaka yote ile, alimwambia bila kuinua ndoo:

"Mumeo alituua kwa maji. Sasa anatuua kwa kiu. Tumwulize basi, anataka tufe kwa nini?"

Verediana alijaza ndoo yake, akajitwika, akarudi. Hakumwambia mumewe hadi mwaka ulipopita.

Siku ya kujenga banio, vuli ilipokaribia, Melkizedek alipanda mtoni na jembe. Alingoja. Jua likapanda. Loserian pekee ndiye aliyekuja, akaketi juu ya jiwe, kwa kuwa Mmasai hachimbi udongo. Lakini baada ya kitambo akainuka, akavua shuka, akaanza kubeba mawe, akiapa kwamba wakimwona wa rika lake atasema ng'ombe ndiye aliyebeba. Hicho ndicho kicheko pekee kilichosikika mtoni siku ile. Wakajenga wawili.

Mwezi wa Novemba ukame ulikatika kwa namna ile ile ya zamani. Anga la Rhotia lilikuwa jeupe. Adhuhuri pembe ya Loserian ikalia kutoka ukingoni mwa msitu, ndefu, mara mbili, na Melkizedek, ambaye magoti yake hayakuwa tena ya kukimbia, alipanda kwa fimbo.

Alifika kwa wakati wa kuona. Maji yalikuja ya kahawia, mapana, na miti ndani yake. Yakaingia kati ya kingo mbili za saruji, yakalifikia banio la majani. Halikupigana. Liliinuka kidogo, kama mtu anayempisha mkubwa kitini, likafumuka, likaenda. Gogo moja likapita katika pengo bila kugusa popote. Mfereji ukabaki mkavu, na mto wote ukashuka njiani mwake, ukipita mbali na kona, mbali na matete, mbali na bati la Mzee Amnaay, ukinguruma kwa kupita tu. Melkizedek alisimama hapo hadi alipokuwa na hakika. Hapakuwa na mtu mwingine. Chini, watu walikuwa wakishangilia mvua iliyoanza kuwafikia, wakitoa ndoo nje, wakiwaita watoto, wasijue kilichopita kando yao.

Alishuka taratibu. Mvua ilikuwa imemlowesha alipofika mbele ya nyumba ya Mzee Amnaay. Mzee alikuwa ameketi ndani, karibu na mlango ulio wazi, blanketi mabegani, macho yake yakitazama mahali ambapo mto ulisikika.

Melkizedek alibisha hodi. Karibu haikutoka. Akabaki nje, chini ya mchirizi wa bati.

Mzee akauliza, kwa sauti isiyomwelekea mtu, "Limevunjika?"

"Limevunjika, Baba."

Mzee alisikiliza mto. Aliusikiliza kama mtu anayehakiki hesabu. Kisha akavuta blanketi, akanyoosha fimbo yake kuufikia mlango.

"Basi kesho utajenga," alisema, akausukuma mlango hadi ukajifunga.